Kabla Hujatuma Pesa ya Laptopu, Jua Kama Waifai Yake Inaelewana na Linux

Mamangu ana duka la vifaa vya shule Nakuru. Miaka yote hesabu zake zimekaa kwenye daftari kubwa lenye jalada jekundu, na malipo ya simu alikuwa anayasoma SMS moja baada ya nyingine. Mwaka jana nikaamua kumnunulia laptopu, ili awe anaona ripoti ya namba yake ya tili kwenye skrini kubwa na kuweka stoku yake kwenye jedwali. Nikapata moja ya mtumba, zile tunaziita ex-UK, kwa shilingi 18,000. Muuzaji akaiwasha, ikawaka vizuri. Nikatoa simu, nikatuma pesa. Kazi kwisha.

Ama nilidhani imekwisha. Usiku huo nilifuta Windows ya zamani iliyokuwa ndani nikaweka Linux, ule mfumo huria ambao haulipiwi. Kila kitu kilienda poa isipokuwa kimoja: waifai haikuwepo. Si kwamba ilikuwa na mtandao dhaifu. Haikuwepo kabisa, kama vile laptopu haijawahi kuwa nayo. Kesho yake nikanunua kile kidude cha USB cha kushika waifai, shilingi 1,200. Hakikushika. Nikanunua kingine cha shilingi 1,500. Hicho nacho kimya. Mama akanitazama akauliza, "Sasa mwanangu, hii kompyuta ni ya kuangalia tu?"

Baadaye nilikuja kujua kwamba tatizo lote ningeligundua kwa dakika kumi, nikiwa bado dukani, na pesa yangu ikiwa bado kwenye simu. Ndiyo maana leo tunakuletea makala haya. Ukiwa na mpango wa kununua laptopu ya mtumba na kuitumia na Linux, soma mpaka mwisho kabla hujabonyeza "Tuma".

Kwa nini watu wengi wanaangalia Linux saa hii?

Tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10. Maana yake ni kwamba kompyuta inayobaki nayo bila mpango wa ziada haipati tena marekebisho ya usalama. Windows 11 nayo ina masharti. Inataka kompyuta yenye kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na prosesa ambayo si ya zamani sana. Kwa Intel, kwa ujumla ni kuanzia kizazi cha nane. Laptopu nyingi za ex-UK zinazouzwa kwa bei nafuu ni za kizazi cha nne, cha tano au cha sita. Ziko imara, lakini hazikubaliki.

Hapo ndipo Linux inaingia. Ubuntu na Linux Mint ni za bure, zinapata marekebisho ya usalama, na zinakwenda vizuri kwenye mashine kuukuu. Kwa mtu anayefungua akaunti yake ya biashara kwenye kompyuta, hilo si jambo dogo. Mfumo usiopata marekebisho ni mlango ulioachwa bila kufuli.

Ila kuna kitu kimoja lazima ukiangalie kwanza, nacho ni kadi ya mtandao.

Kadi inakataa kwa sababu gani?

Ndani ya laptopu kuna kikadi kidogo kinachoshika waifai. Ili mfumo uweze kuongea nacho, vitu viwili vinahitajika.

Cha kwanza ni draiva. Hii ni programu inayoufundisha mfumo lugha ya kadi hiyo. Kwenye Linux, draiva nyingi zinakuja tayari ndani ya kiini cha mfumo, kwa hivyo huhitaji CD wala kupakua chochote. Lakini kama kiini chako ni cha zamani kuliko kadi, draiva yake inaweza kuwa haimo.

Cha pili ni famwea. Hii ni programu ndogo inayopakiwa ndani ya kadi yenyewe kila unapowasha mashine. Nyingi ni mali ya kampuni iliyotengeneza kadi, na si huria. Kwa sababu hiyo Debian, ambayo ni mojawapo ya Linux kongwe, kwa miaka mingi haikuziweka kwenye diski yake rasmi ya kusakinisha. Ilianza kuziweka kwenye Debian 12, mwezi Juni 2023. Ukipewa diski ya Debian ya zamani kuliko hiyo, usishangae waifai ikikosekana.

Kwa hivyo waifai ikikosekana, mara nyingi kadi haijaharibika. Imekosa mtu wa kuongea nayo tu.

Jaribio la flashi: dakika kumi dukani

Njia ya uhakika kuliko zote ni kujaribu. Linux ina kitu kizuri sana: unaweza kuiwasha kutoka kwenye flashi bila kugusa chochote kilichomo kwenye laptopu. Ukizima na kuchomoa flashi, mashine inarudi vile ilivyokuwa. Muuzaji hana cha kuogopa.

Ukiwa nyumbani au saiba:

1. Tafuta flashi ya GB 8 au zaidi. Vilivyomo vitafutika, kwa hivyo hamisha picha zako kwanza.
2. Pakua Ubuntu au Linux Mint kutoka tovuti yake rasmi. Faili ina GB kadhaa, basi tumia waifai ya mtu au ununue bando ya kutosha.
3. Iandike kwenye flashi kwa kutumia programu ya bure kama Rufus au balenaEtcher. Kuburuta faili na kuiweka kwenye flashi hivi hivi hakutoshi, mashine haitawaka nayo.

Ukiwa dukani:

1. Mwambie muuzaji mapema: "Bosi, nataka kujaribu na flashi yangu kabla sijalipa." Muuzaji wa haki hatakataa.
2. Chomeka flashi, washa laptopu, na ubonyeze kitufe cha kuchagua pa kuwakia. Kwenye Dell na Lenovo nyingi ni F12. Kwenye HP nyingi ni Esc halafu F9. Kwenye MacBook ya Intel, shikilia kitufe cha Option.
3. Chagua kujaribu, kwenye Ubuntu kwa Kiingereza imeandikwa "Try". Usichague "Install", hiyo ndiyo inafuta.
4. Washa hotspoti ya simu yako. Usitegemee waifai ya duka, maana hujui inavyofanya kazi siku hiyo.
5. Kwenye kona ya skrini ya Linux, fungua alama ya mtandao. Jina la hotspoti yako likionekana, unganisha, kisha fungua ukurasa wowote kwenye kivinjari.

Ukurasa ukifunguka, hongera. Kadi inaelewana na Linux hiyo, na umejua bila kutumia hata shilingi.

Angalizo moja hapa. Simu nyingi za sasa zinaweza kurusha hotspoti kwa masafa ya GHz 5, na kadi nyingi za zamani zinasikia GHz 2.4 pekee. Kama Linux inaona mitandao ya majirani lakini haioni simu yako, ingia kwenye mipangilio ya hotspoti ubadilishe iwe GHz 2.4. Nimeona mtu akikataa laptopu nzuri kwa kosa la simu yake.

Kama haionekani, soma namba ya kadi

Kadi za mtandao zina kitu kama kitambulisho. Ni namba mbili zilizotenganishwa na nukta pacha. Ya kwanza inataja kampuni iliyotengeneza chipu, ya pili inataja chipu yenyewe. Jina lililobandikwa nje ya laptopu halikusaidii, kwa sababu HP mbili zinazofanana kwa nje zinaweza kuwa na kadi tofauti kabisa ndani.

Ukiwa bado kwenye Linux ya flashi, bonyeza Ctrl, Alt na T kwa pamoja. Dirisha la amri litafunguka. Andika:

`lspci -nnk | grep -iA3 network`

Utaona mistari kama hii:

`Network controller [0280]: Intel Corporation Wireless 7260 [8086:08b2]`
`Kernel driver in use: iwlwifi`

Angalia vitu viwili. Namba iliyo kwenye mabano ya mwisho, hapa 8086:08b2, ndiyo kitambulisho cha kadi. Mstari wa pili unataja draiva inayotumika. Mstari huo ukikosekana kabisa, kadi imeonekana lakini haijapata wa kuongea nayo.

Sasa soma namba ya kwanza:

- 8086 ni Intel. Hii ndiyo ya kutafuta. Intel yenyewe inashiriki kutengeneza draiva ya Linux, iitwayo iwlwifi, na kadi za laptopu za ex-UK za miaka iliyopita kwa kawaida hushika bila maneno.
- 168c ni Atheros. Kadi zake za zamani zinazotumia draiva ya ath9k ni rafiki sana wa Linux.
- 14c3 ni MediaTek. Nyingi zimo kwenye viini vya sasa. Kama kadi ni mpya, tumia Linux mpya.
- 10ec ni Realtek. Hapa inategemea umri wa Linux yako. Mfano mzuri ni chipu ya RTL8821CE, namba 10ec:c821. Ubuntu 20.04 ilipotoka ilikuwa na kiini 5.4, na draiva ya chipu hiyo haikuwemo. Iliingia kwenye kiini 5.9. Ubuntu 22.04 ilitoka na kiini 5.15, na 24.04 ilitoka na 6.8. Laptopu ni ile ile na kadi ni ile ile, ila kwa flashi moja inakataa na kwa nyingine inakubali. Kujua kiini chako, andika `uname -r`.
- 14e4 ni Broadcom. Tulia kwanza kabla hujalipa. Baadhi ya chipu zake zinahitaji draiva ya kampuni iitwayo wl, ambayo haimo ndani ya kiini. Kati yao ni BCM43142, namba 14e4:4365, na BCM4360, namba 14e4:43a0, inayopatikana kwenye MacBook kadhaa.

Ukishapata namba, iandike kwenye intaneti ya simu yako pamoja na neno Linux. Usitafute kwa jina la laptopu. Namba ndiyo itakupeleka kwa watu wenye kadi kama yako.

Kabla hujailaumu kadi, jaribu amri moja zaidi:

`rfkill list`

Ikiandika "Soft blocked: yes", waifai imezimwa na mfumo, andika `rfkill unblock wifi`. Ikiandika "Hard blocked: yes", kuna swichi imezimwa kwenye mashine yenyewe. Laptopu nyingi za zamani zina kiswichi pembeni, au kitufe chenye alama ya antena kule juu ya kibodi. Kumbe wakati mwingine ni hicho tu.

Vile vidude vya USB

Wengi wetu tukikosa waifai tunakimbilia kidude cha USB. Si vibaya, lakini kisanduku kuandikwa "Linux" hakumaanishi kitashika ukichomeka. Wakati mwingine maana yake ni kwamba kuna CD ndani yenye draiva ya zamani unayotakiwa kuijenga mwenyewe. Tena kampuni inaweza kubadilisha chipu ndani na kuacha jina na kisanduku vile vile.

Kwa hivyo muulize muuzaji chipu, usiulize jina la kidude. Ukiruhusiwa kukichomeka, andika `lsusb` na usome namba. Ukiona 148f:7601, hiyo ni MT7601U ya MediaTek, ya bei ya chini na imo ndani ya Linux kwa miaka mingi. Ukiona 0cf3:9271, hiyo ni AR9271 ya Atheros, nayo ni salama. Vidude vya Realtek vyenye chipu ya RTL8811CU au RTL8821CU vimeingia kwenye kiini 6.2, kwa hivyo Ubuntu 24.04 inavijua.

Halafu kuna mtego mmoja. Ukiona 0bda:1a2b, kidude kimejitambulisha kama CD ya draiva za Windows badala ya kuwa kadi ya waifai. Kitoe hiyo CD kwa amri `sudo eject /dev/sr0`, usubiri kidogo, kisha uandike `lsusb` tena. Namba ikibadilika, kadi halisi imejitokeza. Hicho ndicho kilichokuwa kidude changu cha kwanza, kile cha shilingi 1,200. Kilikuwa kizima. Mimi ndiye nilikitupa kwenye droo na kwenda kununua kingine.

Umeshanunua na haishiki? Simu yako itakuokoa

Usitupe laptopu. Chukua simu yako ya Android na waya wa kuchajia unaopitisha data. Chomeka kwenye laptopu, ingia kwenye mipangilio ya hotspoti ya simu, uwashe "USB tethering". Kwa kawaida Linux inaiona simu kama mtandao wa waya, bila draiva yoyote ya ziada. Kama simu imeunganishwa na waifai ya nyumbani, laptopu itapitia huko huko na hutakula bando.

Sasa una intaneti. Kwenye Ubuntu fungua "Additional Drivers", kwenye Mint fungua "Driver Manager". Kama kadi yako ni Broadcom inayohitaji draiva ya kampuni, itatajwa hapo. Ichague, ngoja imalize, kisha zima na uwashe mashine. Ukiulizwa kuweka nenosiri kwa sababu ya "Secure Boot", liweke na ulikumbuke, kwani utaliandika tena mashine inapowaka. Ukiruka hatua hiyo, draiva itakuwepo lakini haitaruhusiwa kufanya kazi.

Ya mamangu ilikuwa 14e4:4365. Niliunganisha simu kwa waya, nikaweka draiva, na waifai ikaja ndani ya dakika chache. Shilingi 2,700 za vidude na wiki nzima ya kuhangaika zilikuwa zimeshaenda.

Tahadhari hapa: usinakili amri yoyote unayoiona mtandaoni inayoanza na `sudo` kama huelewi inafanya nini. Neno hilo linaipa amri mamlaka yote juu ya kompyuta yako, ile ile utakayofungulia akaunti ya biashara.

Sasa, upande wa pesa

Hapa ndipo sisi tunapohusika moja kwa moja. Ukituma pesa kwa namba usiyoikusudia, kuna utaratibu wa kuomba irudishwe. Lakini ukilipa mtu uliyemkusudia, halafu bidhaa isikufae, hilo ni jambo la makubaliano yenu. Kwa hivyo jilinde mapema:

- Jaribu kwanza, lipa baadaye. Pesa ikiwa kwenye simu yako, sauti yako inasikika.
- Ukinunua kutoka mbali, mwombe muuzaji awashe flashi ya Linux akutumie picha ya matokeo ya `lspci -nnk`. Kama hawezi, omba picha ya lebo ya kadi yenyewe.
- Kubaliana kwa maandishi: "Waifai isiposhika kwa Linux, naweza kurudisha ndani ya siku kadhaa." Hata ujumbe wa simu unatosha kuwakumbusha nyote wawili.
- Kabla ya kuweka PIN, soma jina linalotokea kwenye skrini. Lifanane na la duka au la mtu mliyekubaliana.
- Lipa kwa namba ya tili ya duka kama ipo, na utunze SMS ya malipo. Ndiyo risiti yako.
- Usifungue akaunti yako ya malipo kwenye laptopu ambayo bado si yako, wala kwa flashi uliyoazimwa. Kwa jaribio, ukurasa wowote wa habari unatosha.

Siku hizi mama anafungua laptopu asubuhi kabla ya kufungua mlango wa mbele, anaangalia mauzo ya jana, halafu bado anayaandika kwenye lile daftari jekundu. Anasema daftari halijawahi kumuuliza draiva.

Kwa hivyo ukienda sokoni wiki hii, tia flashi mfukoni. Washa, unganisha hotspoti, fungua ukurasa mmoja. Ukifunguka, tuma pesa kwa amani. Usipofunguka, soma namba ya kadi, na pesa yako bado unayo.